Dom Pérignon: Mtawa, Mwaka na Mashapo

Mwaka 2017 wapenzi wa shampeni waliona jambo ambalo hawakulizoea. Watengenezaji wa Dom Pérignon, shampeni ghali ya Ufaransa, walitoa sokoni mvinyo wa mavuno ya 2009, huku mavuno ya 2008 yakiwa bado yamelazwa gizani, chini ya ardhi, katika mji wa Épernay, Ufaransa. Mdogo alitolewa nje kabla ya kaka yake. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo 2008 nayo ikafika madukani, karibu miaka kumi baada ya zabibu zake kuchumwa.

Hakuna aliyekosea hesabu. Mwaka 2009 ulikuwa wa jua la kutosha, zabibu ziliiva vizuri, na mvinyo wake ulikuwa laini na tayari kunyweka mapema. Mwaka 2008 ulikuwa wa mawingu na ubaridi kiangazi karibu chote, mpaka Septemba jua na upepo mkavu vilipookoa jahazi. Zabibu zilitoka na uchachu mkali, na mvinyo wake ulihitaji muda zaidi wa kujitengeneza. Richard Geoffroy, mkuu wa pishi (ghala la kutengenezea mvinyo) wa wakati ule, aliuacha ulale.

Uamuzi huo unaeleza chupa hii ni nini kuliko hadithi yoyote ya mtawa anayesemekana kuvumbua shampeni. Lakini hadithi ya mtawa ndiyo inayojulikana, ndiyo iliyoandikwa kwenye vipeperushi na kurudiwa kwenye sherehe, kwa hiyo haikwepeki. Tuanze nayo, tuichambue, kisha tuiweke pembeni.

Mtawa aliyepewa sifa isiyo yake

Pierre Pérignon alikuwa mtu wa kweli. Alizaliwa 1638 huko Sainte-Menehould, mashariki mwa jimbo la Champagne, akajiunga na watawa Wabenedikti akiwa kijana (Dom ni jina la heshima la watawa hao), na mwaka 1668 akatumwa kwenye abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Hautvillers, iliyo juu ya kilima kinachotazama mto Marne. Huko alikabidhiwa kazi ya mtunza hazina na ghala: chakula, fedha, mashamba na mvinyo vyote vilipita mikononi mwake. Aliifanya kazi hiyo hadi alipofariki 1715. Kwa bahati tu, miaka hiyo ya kuzaliwa na kufa ndiyo hiyo hiyo ya mfalme Louis wa 14.

Alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Anatajwa kwa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali kabla ya kuzikamua, ili upungufu wa shamba moja ufidiwe na lingine. Anatajwa pia kwa kukamua zabibu nyeusi haraka na kwa mkono mwepesi, maji yake yakatoka meupe kabla ganda halijaachia rangi. Misingi yote miwili inafuatwa Champagne hadi leo. Mvinyo wa Hautvillers ulipanda bei wakati wake, na wanunuzi walianza kuutaja kwa jina lake.

Lakini vipovu hakuvivumbua. Kwa mtunza ghala wa karne ya 17, vipovu vilikuwa balaa. Champagne ni sehemu ya baridi. Zabibu zilivunwa mwishoni mwa Septemba au Oktoba, maji yake yakaanza kuchachuka kwenye mapipa, kisha baridi ya Novemba ikaifanya hamira isinzie kabla haijamaliza sukari. Majira ya kuchipua yalipofika, joto liliiamsha. Kama mvinyo ulikuwa bado kwenye pipa, gesi ilitoka polepole. Kama ulishatiwa kwenye chupa na kuzibwa, gesi ilikosa pa kutokea, na chupa nyembamba za Ufaransa za enzi hizo, zilizoyeyushwa kwa moto wa kuni, zilipasuka. Ikipasuka moja, vipande vyake huvunja jirani zake, na zile nazo za kwao. Mtu mwenye dhamana ya mali ya abasia hakuwa na sababu ya kulitafuta janga hilo.

Walioyapenda mapovu mapema walikuwa ng'ambo ya mlango wa bahari. Mvinyo wa Champagne ulifika Uingereza ukiwa kwenye mapipa, na wafanyabiashara wa London wakautia kwenye chupa wenyewe. Waingereza walikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni kioo kigumu: tangu 1615 mfalme James wa Kwanza alipiga marufuku kuni kwenye matanuru ya kioo kwa kuwa alizihitaji mbao za meli, mafundi wakahamia makaa ya mawe, na moto wake mkali ukatoa kioo kizito cha rangi ya giza kinachostahimili presha. Cha pili ni vizibo vya gome la mti wa koki. Desemba 1662 tabibu Christopher Merret alisoma mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, maelezo ya jinsi wauza mvinyo walivyokuwa wakiongeza sukari ili kinywaji kichangamke na kutoa vipovu. Hiyo ni miaka sita kabla Pérignon hajafika Hautvillers.

Ufaransa ilikuja nyuma. Ruhusa ya kifalme ya kusafirisha mvinyo wa Champagne ukiwa ndani ya chupa ilitolewa 1728, mtawa akiwa amekwisha lala kaburini miaka kumi na mitatu. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Ruinart, nyumba (yaani kampuni) ya shampeni kongwe kuliko zote zilizopo, na 1743 Claude Moët akafungua biashara yake Épernay.

Sasa sifa ilimfikaje mtawa? Mwaka 1821 Dom Grossard, mtawa wa zamani wa Hautvillers aliyeshuhudia abasia ikifungwa na Mapinduzi ya Ufaransa, aliandika barua akidai kwamba ni Pérignon aliyegundua siri ya shampeni nyeupe yenye povu. Mzee huyo alikuwa akitetea heshima ya nyumba iliyovunjwa, na ni vigumu kumlaumu. Ule msemo maarufu, eti Pérignon alipoonja aliwaita wenzake waje kwa kuwa alikuwa anakunywa nyota, ulitoka kwenye matangazo ya biashara ya mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka 150. Kuna na wanaosema alikuwa kipofu, na ndiyo maana ulimi wake ulikuwa mkali hivyo. Nalo ni pambo tu.

Nadhani sababu ya hadithi hii kudumu ni nyepesi. Wafanyabiashara wa Champagne wa wakati ule walikuwa wanapigania jina lao lisitumiwe na kila mwenye mvinyo wa mapovu Ulaya. Mtawa wa kwao, mcha Mungu, aliyezikwa kanisani Hautvillers, ni babu anayependeza zaidi kumtaja mahakamani na magazetini kuliko wauza vileo wa London na mifuko yao ya sukari.

Chupa ya miaka ya 1930

Kinachouzwa leo kwa jina la Dom Pérignon ni bidhaa changa, hata umri wa miaka 100 haijafikisha. Jina lenyewe lilikuwa mali ya Mercier, kampuni nyingine ya Épernay, ambayo haikulitumia. Liliingia mikononi mwa Moët & Chandon koo hizo mbili zilipooana. Moët nao walikuwa wanamiliki kilichobaki cha abasia ya Hautvillers na mashamba yake, kwa hiyo jina na mahali vikakutana.

Wakati ulikuwa mbaya. Uchumi wa dunia ulianguka 1929, Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe hadi mwisho wa 1933, na maghala ya Champagne yalijaa mvinyo usio na mnunuzi. Robert-Jean de Vogüé wa Moët alichagua kwenda kinyume na wengine: badala ya kushusha bei, alileta chupa ghali kuliko zote. Mwaka 1935 mawakala wa Moët mjini London, Simon Brothers, walitimiza miaka 100, wakawatumia wateja wao 150 bora chupa za umbo la karne ya 18, zenye tumbo pana na shingo nyembamba, zikiwa na mavuno ya 1926. Jina la mtawa halikuwamo. Wateja wa ng'ambo waliposikia walizitaka nao, na 1936 shehena ya kwanza yenye jina la Dom Pérignon, mavuno ya 1921, ikapelekwa New York.

Mvinyo wa mwanzo huo haukutengenezwa mbali na mwingine. Ulikuwa shampeni ya mwaka ya Moët, yaani ya mavuno ya mwaka mmoja, ikahamishiwa kwenye chupa za kizamani. Ni kuanzia mavuno ya 1947 ambapo Dom Pérignon ilianza kuchachukia ndani ya chupa zake yenyewe tangu mwanzo.

Kwa hiyo anayesema hii ni shampeni ya mtawa wa 1668 anachanganya mambo, na anayesema ni ujanja wa biashara mtupu naye amepitiliza. Chupa hii ndiyo iliyofungua njia ya kile ambacho karibu kila nyumba kubwa ya shampeni inacho leo, yaani mvinyo mmoja wa juu kabisa unaosimama peke yake. Cristal, shampeni ya kampuni ya Roederer, ilitangulia, ilitengenezwa 1876 kwa ajili ya Tsar Alexander wa Pili wa Urusi, ila ilikuwa ya ikulu. Umma haukuuziwa hadi 1945.

Baada ya hapo Dom Pérignon ikawa kinywaji cha hafla za wakubwa. Shah wa Iran alipoadhimisha miaka 2,500 ya ufalme wa Uajemi huko Persepolis 1971, wageni walimiminiwa Dom Pérignon ya rangi ya waridi ya 1959. Kwenye harusi ya Charles na Diana 1981 ilikuwapo ya 1961, mwaka aliozaliwa bibi harusi. Mmiliki wa sasa ni kundi la LVMH, lililoundwa 1987, lenye mikoba ya Louis Vuitton upande mmoja na vileo upande wa pili.

Kinachotokea ndani ya chupa

Hapa ndipo pesa ya mnunuzi inapokwenda, au inapopaswa kwenda.

Zabibu zote za Champagne sharti zichumwe kwa mkono, vishada vizima. Sheria inaruhusu kukamua lita 2,550 tu kutoka kilo 4,000; kinachobaki baada ya hapo ni kizito na kichungu, hakihesabiki. Dom Pérignon hutumia aina mbili, Pinot Noir ambayo ni nyeusi na Chardonnay ambayo ni nyeupe, kwa vipimo vinavyokaribiana nusu kwa nusu, mwaka mwingine hii ikizidi na mwaka mwingine ile. Mashamba ni ya daraja la juu, kama Aÿ, Bouzy na Verzenay kwa zile nyeusi, na Cramant, Avize na Le Mesnil kwa zile nyeupe, pamoja na Hautvillers penyewe.

Uchachushaji wa kwanza hutoa mvinyo mweupe, mkavu, usio na povu, na kwa kweli usiopendeza sana: mchachu, mwembamba. Majira ya baridi yote mkuu wa pishi na wenzake huonja sampuli za kila shamba, wakitafuta mchanganyiko utakaokuwa na maana miaka kumi ijayo. Ni kazi ya kubashiri. Geoffroy, aliyesomea udaktari wa binadamu kabla ya kurudi kwenye mizabibu, aliifanya kuanzia 1990 hadi mwisho wa 2018, kisha akamwachia Vincent Chaperon.

Mchanganyiko ukikubalika, hutiwa kwenye chupa pamoja na hamira na sukari, kama gramu 24 kwa lita, halafu unazibwa. Hamira hula sukari ile, hutoa kileo kidogo zaidi na gesi ya kaboni dioksidi. Gesi haina mlango, inayeyuka ndani ya mvinyo, mpaka presha inafika karibu mara tatu ya ile ya tairi la gari. Hii ndiyo tofauti na soda, ambayo hupigwa gesi kwa mashine dakika chache kabla ya kuzibwa. Vipovu vya shampeni vimezaliwa mle mle ndani.

Kabla ya 1836 hakuna aliyejua kipimo cha sukari. Watu walikisia, na kiangazi kikiwa na joto, maghala yaligeuka uwanja wa vita. Wafanyakazi walivaa vinyago vya chuma usoni kwa kuhofia vioo. Mfamasia wa Châlons, Jean-Baptiste François, ndiye aliyeonyesha jinsi ya kupima sukari iliyobaki na kujua ni kiasi gani kiongezwe. Ukiuliza ni nani aliifanya shampeni iwe biashara inayowezekana, mimi ningemtaja huyu kabla ya mtawa. Hana chupa yenye jina lake.

Hamira ikimaliza sukari hufa, na mizoga yake hutua chini ikawa mashapo, utando mwembamba wa rangi ya maziwa. Mashapo hayo ndiyo moyo wa jambo. Kwa miezi na miaka chembe zile huvunjika zenyewe, zikiachia protini na viini vingine ndani ya mvinyo. Kutoka hapo huja ile harufu ya mkate uliotoka tanuri, siagi, njugu zilizokaangwa, na ule ulaini mdomoni unaofanana na malai. Mashapo pia hufyonza oksijeni kidogo inayopenya kwenye kizibo, kwa hiyo mvinyo unaolala nayo huzeeka polepole kuliko uliotenganishwa nayo.

Sheria ya Champagne inadai shampeni ya kawaida ikae miezi 15 kabla ya kuuzwa, na ile yenye mwaka kwenye lebo ikae miaka mitatu. Dom Pérignon ya kawaida hukaa na mashapo yake karibu miaka minane, wakati mwingine zaidi. Sehemu ya kila mavuno hubakizwa. Ikifika miaka kama 15 hutolewa tena sokoni ikiitwa P2, na ikifika kama 25, P3. Herufi hiyo ni ya *Plénitude*, yaani ukamilifu. Wanaamini mvinyo hauzeeki kwa mstari mmoja ulionyooka, bali hupita vipindi ambamo hujifunga, halafu ukafunguka upya. Sikuwahi kuona uthibitisho wa kimaabara wa jambo hilo, lakini wanaoonja P2 pembeni ya toleo la kwanza la mwaka huo huo hukubali kwamba ni mvinyo mbili tofauti: wa pili una mwili zaidi, una asali na uyoga, na ajabu ni kwamba bado uko hai.

Kuyatoa mashapo bila kupoteza gesi kulisumbua watu mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, pale pishi la mjane Barbe-Nicole Clicquot, huko Reims, lilipobuni ubao wenye matundu. Chupa huwekwa humo kichwa chini, zikizungushwa kidogo kidogo kila siku hadi mashapo yote yashuke kwenye shingo. Siku hizi mashine hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kisha shingo hugandishwa kwenye maji ya chumvi yenye baridi kali, kizibo hufunguliwa, na presha inarusha nje kipande cha barafu kilichobeba uchafu wote. Pengo linajazwa mvinyo wenye sukari kidogo. Katika karne ya 19 Warusi walipenda shampeni tamu kama sharubati; leo Dom Pérignon haizidi gramu chache za sukari kwa lita.

Kwa nini mwaka una uzito namna hii

Mtu wa Dodoma anayelima mizabibu huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu joto halikatiki na mzabibu haupati majira ya kulala. Akiharibikiwa Machi, Agosti ipo. Mkulima wa Champagne, karibu nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta, ana nafasi moja tu, nayo imezungukwa na hatari: baridi ya Aprili inayounguza machipukizi, mvua ya Juni wakati wa maua, mvua ya mawe, ukungu wa Agosti unaoleta uozo.

Ndiyo maana shampeni nyingi duniani hazina mwaka. Moët Impérial, ambayo wengi huidhani ni Dom Pérignon ya bei nafuu, huchanganya mavuno ya miaka kadhaa na aina tatu za zabibu, Meunier ikiwamo, ili ladha isibadilike kutoka chupa hadi chupa. Ni bima. Dom Pérignon imekataa bima hiyo: ama itoke ya mwaka mmoja, ama isitoke kabisa. Mavuno ya 2001, 2007, 2011 na 2014 hayana Dom Pérignon, na zabibu zake zilikwenda kwingine.

Mwaka 2003 ndio unaoonyesha mkazo wa kanuni hii. Aprili baridi iliua sehemu kubwa ya machipukizi ya Chardonnay. Halafu Agosti likaja joto lile lililoua maelfu ya wazee nchini Ufaransa. Zabibu chache zilizobaki ziliiva mbio, na uvunaji ulianza 21 Agosti, mapema kuliko mwaka wowote tangu 1822. Uchachu ulikuwa mdogo mno, na kwenye vitabu vya shampeni mvinyo usio na uchachu haustahimili miaka. Nyumba nyingi ziliuacha mwaka ule upite. Geoffroy akautengeneza, Pinot Noir ikiwa nyingi kuliko kawaida. Ulitoka mpana, mzito, wenye uchungu mwepesi mwishoni, na hadi leo wanywaji wamegawanyika. Wapo wanaouona ni ukaidi. Mimi niko upande wa wanaouona ni uaminifu: kama unauza mwaka, uuze na mwaka mgumu, mradi mvinyo wenyewe una la kusema.

Baada ya hapo kuna jambo jingine la kutafakari. Kuanzia 2002 hadi 2006 Dom Pérignon ilitoka kila mwaka, mara tano mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wenye wivu walisema ni tamaa ya fedha. Huenda imo. Lakini hali ya hewa nayo imebadilika. Mavuno ya Agosti, yaliyokuwa kioja 2003, yamejirudia mara nyingi tangu hapo. Tatizo la babu zao lilikuwa zabibu zisizoiva. La kwao ni zabibu zinazoiva kupita kiasi na kupoteza ule uchachu unaoubeba mvinyo miaka thelathini. Nalo joto linapokuja na mvua halina huruma: mwaka 2010 mvua kubwa za katikati ya Agosti zilileta uozo kwenye Pinot Noir, ikabidi wachambue shamba kwa shamba, waokoe nzuri na kuziacha nyingine.

Ladha

Kwanza harufu, na hapa wageni hushtuka. Dom Pérignon changa mara nyingi haikupokei na matunda. Inakupokea na moshi, kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi, kisha kahawa iliyokaangwa na mkate uliounguzwa kidogo pembeni. Hii si kasoro. Ni matokeo ya kuutunza mvinyo mbali kabisa na hewa tangu mwanzo, mtindo ambao nyumba hii imeushikilia. Uache kwenye glasi robo saa. Moshi unarudi nyuma, linakuja ganda la ndimu, balungi, maua meupe, lozi. Ukiwa wa mwaka wa joto kama 2009 utakuta embe na pichi. Ukiwa wa 2008, ndimu ndio mfalme.

Mdomoni vipovu haviumi. Mvinyo uliolala muda mrefu hupoteza gesi kidogo kidogo kupitia kizibo, na gesi ikipungua, vipovu huwa vidogo. Gérard Liger-Belair, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Reims aliyetumia miaka mingi kuvipiga picha, ameonyesha kwamba vipovu vingi havitoki kwenye kioo chenyewe bali kwenye nyuzi ndogo za vumbi au kitambaa zilizonasa ndani ya glasi. Amekadiria kwamba glasi moja ikiachwa itoe vyote, vitafika kama milioni moja. Glasi iliyosafishwa kupita kiasi hubaki kimya.

Mwisho wake ni mkavu, una kitu kama chumvi, na hubaki kooni muda mrefu. Watu wa pale hulihusisha hilo na udongo wa chaki ambamo mizabibu imezamisha mizizi. Wanasayansi hawakubali kwamba mzizi unafyonza ladha ya jiwe. Chaki inachofanya kwa hakika ni kushika maji na kuyaachia taratibu, mzabibu usife kiu wala usizame. Chumvi ile inaendana na chaza, samaki wa kukaanga, hata korosho za chumvi. Keki ya harusi inaiua: sukari ya keki huufanya mvinyo uonekane mchachu na mwembamba.

Je, inastahili bei yake, ambayo Marekani kwa kawaida huzidi dola 200 kwa chupa? Sehemu ya fedha hiyo inalipia miaka minane ya kodi ya giza, zabibu za mashamba ya juu na mavuno yaliyoachwa. Sehemu nyingine inalipia jina, ngao iliyoko kwenye lebo, na meza ya klabu ambako inaletwa na fataki za mkononi na muziki ukipandishwa. Kwa fedha pungufu ya nusu yake utapata shampeni ya mwaka kutoka kwa mkulima mdogo wa Avize au Aÿ yenye kukupa raha nyingi. Hutapata ile ya moshi na kahawa yenye uwezo wa kulala miaka thelathini.

Anayeinunua ili aitunze anapaswa kujua kwamba saa ya mashapo ilisimama siku yalipotolewa. Kutoka hapo mvinyo unazeeka kwa hewa, haraka zaidi, na joto linauharakisha. Juu ya kabati sebuleni Dar es Salaam au Mombasa, kwenye nyuzi 30, ladha yake itachoka upesi. Mwanga nao ni adui, hata wa taa. Chupa ya kioo cha kijani kibichi inasaidia kidogo tu, kwa hiyo iache ndani ya sanduku lake, mahali pa giza penye baridi isiyobadilika, nyuzi 10 hadi 12 zikiwezekana.

Siku ya kuifungua, ibaridishe lakini usiigandishe. Ikiwa baridi kama barafu, harufu zote nilizozieleza hulala, na umenunua maji ghali yenye vipovu. Nyuzi 10 zinatosha. Glasi iwe pana kidogo katikati na ibane mdomoni. Ile nyembamba ndefu ya sherehe hainusiki. Legeza waya kwa mizunguko sita nusu nusu, dole gumba likiwa juu ya kizibo muda wote. Kisha shika kizibo kisitembee, uzungushe chupa. Kikianza kusukuma, kizuie, kitoke kwa mlio wa pumzi tu, na mimina kidogo kwanza, povu likishatulia ndipo uongeze hadi theluthi ya glasi.